Kufuata Shilingi Hadi Mkono wa Mwisho: Mwongozo wa Haki za Binadamu kwa Kampuni za Moshi na Arusha

Kampuni nyingi za Moshi na Arusha hukutana na suala la haki za binadamu kwa mara ya kwanza kupitia dodoso. Mnunuzi wa kahawa au wa maua, au wakala anayewaleta wageni wa kupanda Kilimanjaro, hutuma kurasa kadhaa za maswali kuhusu mishahara, umri wa wafanyakazi, vyama vya wafanyakazi na namna ya kupokea malalamiko. Meneja humkabidhi kazi hiyo kijana wa ofisini anayeandika Kiingereza vizuri, naye kijana hutafuta mtandaoni sera ya kampuni nyingine, hubadilisha jina, mkurugenzi hutia sahihi na kugonga muhuri, na dodoso hurudi lilikotoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwajiri anayetaka kuifanya kazi hiyo kweli, hata kama hana idara ya sheria wala pesa za kumlipa mshauri.

Ni vema kwanza kuelewa kwa nini maswali hayo yameongezeka. Ufaransa ilipitisha mwaka 2017 sheria inayozitaka kampuni kubwa kufuatilia madhara yanayotokea kwa wale wanaoziuzia bidhaa na huduma. Ujerumani ilifuata na sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 kwa kampuni zenye wafanyakazi 3,000 au zaidi, kisha mwaka 2024 ikashuka hadi zenye wafanyakazi 1,000. Nyuma ya sheria hizo ipo Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, ambayo Baraza la Haki za Binadamu liliiridhia tarehe 16 Juni 2011. Kanuni zake ni 31, na zimejengwa juu ya mambo matatu: dola ina wajibu wa kulinda haki, kampuni ina wajibu wa kuziheshimu, na aliyeumizwa anastahili kupata nafuu. Wajibu wa kuheshimu unaihusu kampuni ya ukubwa wowote, iwe na magari mawili ya utalii au mashamba matano ya maua. Wapo wanaodhani kwamba haki za binadamu ni mambo ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa makao yake yako hapa hapa Arusha. Lakini mahakama hiyo husikiliza mashauri dhidi ya nchi, haisikilizi madai ya kibarua dhidi ya mwajiri wake.

Anza na pesa, sera itafuata

Ushauri wangu ni kwamba sera iandikwe mwishoni. Kazi ya kwanza ni kuchukua bidhaa moja au safari moja iliyokwisha kufanyika na kuifuata shilingi kutoka akaunti ya kampuni hadi mkono wa mwisho ulioipokea. Chukua mfano wa safari ya siku sita kwa njia ya Machame. Weka mezani risiti zote, kisha orodhesha kila mtu ambaye jasho lake limo ndani ya safari hiyo: kiongozi wa msafara na wasaidizi wake, mpishi, wagumu waliobeba mizigo, dereva, mlinzi wa stoo ya mahema, dobi aliyefua mifuko ya kulalia, mama aliyekaanga kuku wa chakula cha njiani, na mchuuzi wa mboga wa soko la Mbuyuni. Mbele ya kila jina andika majibu ya maswali manne: nani alimwita kazini, nani alimpa pesa mkononi, alipokea kiasi gani hasa, na una ushahidi gani wa kiasi hicho mbali na karatasi iliyoandikwa na huyo huyo aliyemlipa.

Swali la nne ndilo lenye uzito, na nalisema kwa uzoefu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitunza vitabu vya hesabu vya kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani. Kila safari iliporudi, nilipokea karatasi ya malipo yenye majina na sahihi za wagumu, nikaitoboa na kuiweka kwenye faili. Ilinichukua miezi kugundua kwamba sahihi kumi na nne za safari moja zilikuwa za kalamu moja na, nilipozitazama vizuri, za mwandiko mmoja. Niliwauliza wawili kati ya wale kumi na wanne niliobahatika kuwapata. Mmoja alitaja kiasi pungufu kwa karibu theluthi. Wa pili hakuwa amepanda kabisa safari ile. Jina lake lilikuwa limeandikwa, posho yake ikachukuliwa na mtu mwingine, na mzigo uliokuwa uwe wake ukagawanywa migongoni mwa wenzake. Mkurugenzi alishangaa kwa dhati, maana pesa kamili ilikuwa imetoka benki.

Tangu hapo siamini karatasi ya malipo isiyokuwa na uthibitisho wa mpokeaji mwenyewe. Njia rahisi ni kumlipa kila mtu moja kwa moja kwenye simu yake, ingawa nayo ina mitego midogo: vijana wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka au mke, kwa hiyo jina linalotokea lilinganishwe na orodha na tofauti iandikwe sababu yake, na makato ya kutoa pesa yabebwe na kampuni, kwani ujira uliokubaliwa ni ule unaofika mkononi.

Madhara yapangwe kwa uzito wake kwa mtu

Ukishamaliza orodha hiyo utakuwa na matatizo mengi kuliko uwezo wako wa kuyashughulikia kwa mara moja. Miongozo ya Umoja wa Mataifa inaruhusu kuchagua pa kuanzia, lakini kipimo cha kuchagulia ni ukubwa wa madhara kwa mtu: yanaumiza kiasi gani, yanawagusa watu wangapi, na je, yanaweza kurekebishwa yakishatokea. Mapafu yaliyojaa maji kwa sababu ya kimo cha mlima, macho yaliyoingiwa na dawa ya kunyunyizia maua, binti aliyeshikwashikwa na msimamizi wake na mtoto aliyeacha darasa la sita ili achume kahawa hutangulia mbele ya fulana zisizo na nembo na fomu ambazo hazijajazwa. Kishawishi cha kuanza na yale ambayo mnunuzi ameyauliza, au yale yanayopigika picha, ni kikubwa, na mara nyingi ndicho kinachofanya madhara makubwa yakae pale pale kwa miaka.

Sheria ya hapa nyumbani ndiyo ngazi ya chini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa vipimo ambavyo mwajiri anaweza kuvitumia kwa kikokotoo tu. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Saa za ziada hazizidi 50 katika kila wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 iwapo amejifungua mtoto zaidi ya mmoja, na anayenyonyesha ana haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku.

Chukua vipimo hivyo uende navyo getini kwako, kwa mlinzi. Mlinzi anayeingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku saba za wiki, amefanya kazi saa 336 katika wiki nne. Ukijumlisha saa za kawaida za wiki nne, ambazo ni 180, na saa 50 za ziada, sheria inaishia 230. Kuna saa 106 ambazo hazina pa kuingia hata zikilipwa vizuri. Waajiri wengi watajibu kwamba mlinzi si wao, ameletwa na kampuni ya ulinzi; nami nitawauliza kama bei wanayoilipa kampuni hiyo inatosha kuajiri walinzi watatu wa kupokezana badala ya mmoja. Kama haitoshi, basi ukiukaji umo ndani ya mkataba waliousaini wao wenyewe.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba neno «kibarua» halimwondolei mtu ulinzi. Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa iwapo, pamoja na vigezo vingine, anafanya kazi chini ya maelekezo ya anayemlipa, anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Deiwaka anayekuja kila asubuhi kwenye nyumba kitalu tangu Januari ni mfanyakazi wako, hata kama jina lake limo kwenye daftari la nyapara na halimo kwenye kompyuta ya ofisini. Aandikishwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii na kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, apewe masharti ya kazi kwa maandishi na katika lugha anayoielewa, na ikibidi asomewe.

Kuhusu makato ya vifaa vilivyopotea au kuharibika, sheria hairuhusu meneja akate anavyotaka. Mfanyakazi aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Hema lililochanwa na upepo wa usiku haliwezi kuwa deni la mgumu aliyelala ndani yake.

Mlimani

Mlima unastahili kuelezwa peke yake kwa sababu kazi yake hufanyika mahali ambapo mwajiri haoni. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgumu, na mizigo hupimwa getini. Hata hivyo, mizani ya getini hupima asubuhi ya siku ya kwanza tu. Iwapo mgumu mmoja ataugua au atarudishwa kimyakimya ili posho yake igawanywe, mzigo utakaobebwa kutoka kambi ya Shira kwenda Barranco hautafanana na ule uliopimwa. Kampuni inayotaka kujua ukweli humpa kiongozi mizani ndogo ya kuning'iniza, mizigo ikapimwa kila asubuhi kambini, uzito ukaandikwa mbele ya wabebaji wenyewe, na daftari likarudi ofisini.

Vifaa vikaguliwe kabla ya gari kuondoka Moshi, kwa macho na kwa mikono: viatu vyenye soli, koti lisilopitisha maji, glavu, mfuko wa kulalia. Asiye navyo aazimwe bila kutozwa, kwani kumrudisha nyumbani humfundisha safari ijayo kuazima koti la kuonyesha tu wakati wa ukaguzi. Idadi ya mahema ya wafanyakazi ihesabiwe pamoja na idadi ya wanaolala ndani, na wanawake wapewe hema lao bila kulazimika kuliomba. Chakula cha wafanyakazi kiwe na fungu lake kwenye bajeti, kwa sababu lisipokuwepo hula mabaki ya wageni. Na dalili za ugonjwa wa kimo zikimpata mgumu, ashushwe kwa haraka ile ile ambayo mgeni angeshushwa, pamoja na mtu wa kumsindikiza, na posho yake ya siku zilizobaki isikatwe. Akijua kwamba kuugua ni kupoteza ujira, ataficha kichwa kinachompasuka hadi ashindwe kusimama.

Bakshishi huleta ugomvi mwingi kuliko mshahara. Utaratibu ambao nimeuona ukifanya kazi ni huu: mgeni anaelezwa kabla ya safari idadi ya wafanyakazi na majukumu yao, mgawanyo unaandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya wote siku ya mwisho, na kila mmoja anapokea chake hadharani. Bahasha moja kubwa iliyokabidhiwa kwa mtu mmoja huibua maswali hata pale alipogawa kwa haki. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project lililoko Moshi lina uzoefu wa kuwauliza wagumu wenyewe jinsi kampuni zinavyowatendea, na kampuni ndogo inaweza kujifunza mengi kutoka kwao kuliko kutoka kwa mkaguzi anayekuja siku moja kwa mwaka.

Kwa wale wanaokuuzia

Kampuni inayonunua kahawa kupitia chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijijini, hukutana na kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni, ambako kazi hufanywa na familia. Hapa busara inahitajika. Mtoto anayewasaidia wazazi kuchuma Jumamosi hayuko katika hali moja na mtoto aliyekosa shule majuma matatu ya mavuno. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, isiyodhuru afya wala masomo, na inakataza kazi za hatari kwa yeyote chini ya miaka 18. Kubeba bomba la dawa mgongoni ni kazi ya hatari. Badala ya kumtuma mkaguzi na karani wake kuwauliza watoto maswali shambani, ni afadhali kumuuliza mwalimu mkuu wa kijiji, bila kutaka majina, kama mahudhurio hushuka wakati wa mavuno na katika madarasa yapi.

Umkutapo mtoto kazini, usikimbilie kusitisha ununuzi. Mkulima aliyefungiwa mlango atauza kwa mwingine asiyeuliza, na mtoto atabaki pale pale. Mwezeshe mzazi kuajiri kibarua mtu mzima, kwa bei bora au kwa malipo ya awali, na ufuatilie hadi mtoto aonekane darasani. Kuvunja mkataba kubaki kwa anayekataa kabisa kubadilika.

Kuna la wanawake pia. Katika vihamba vingi mama ndiye anayepalilia, anayechuma na anayekoboa, ilhali uanachama na akaunti vimo kwa jina la baba, na huenda mama asijue kahawa yao iliuzwa kiasi gani. Kampuni haina mamlaka ndani ya nyumba ya mtu, lakini inaweza kukiomba chama kiruhusu uanachama wa wote wawili na kitume ujumbe wa malipo kwenye simu mbili.

Kwenye mashamba ya maua na mboga kati ya Usa River na Tengeru maswali ni mengine: muda gani hupita baada ya kunyunyizia kabla watu hawajaingia, nani anashika ufunguo wa stoo ya dawa, na je, nyapara anayepanga nani aitwe kesho ana uwezo wa kumdai mwanamke kitu ili amwite. Swali hili la mwisho halijibiwi kwenye kikao chenye wasimamizi. Liulizwe na mwanamke, nje ya shamba, na kwa utulivu.

Kabla ya kumlaumu anayekuuzia, tazama unavyonunua. Kampuni inayoagiza leo mzigo wa kesho asubuhi imeagiza kazi ya usiku. Inayolipa baada ya siku 90 imemkopa mkulima bila riba. Inayodai bei ile ile ya miaka mitano iliyopita, wakati kima cha chini cha mshahara kimepanda kwa amri ya serikali, imeshaamua nani atakayepunjwa.

Malalamiko na nafuu

Sanduku la maoni lililoning'inizwa kando ya mlango wa meneja halitapata barua. Wape watu njia zaidi ya moja: mwakilishi waliyemchagua wenyewe, tawi la chama cha wafanyakazi ambalo halizuiliwi kuingia, na namba ya simu inayopokelewa na mtu asiyelipwa na kampuni. Kila lalamiko lijibiwe kwa tarehe iliyotajwa, na mlalamikaji aelezwe kwamba utaratibu huo haumfungii mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali cha migogoro ya kazi, ambako shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 na mengine ndani ya siku 60. Usipomweleza, ukamzungusha miezi miwili kwa vikao vya ndani, utakuwa umempotezea haki yake kwa heshima zote.

Kwa wafanyakazi wa msimu, kisasi hakina barua ya kufukuzwa; simu huacha kuita, basi. Kwa hiyo, miezi mitatu baada ya kila lalamiko, fungua orodha za safari au za mavuno uone kama aliyelalamika ameitwa tena kama ilivyokuwa zamani. Akiwa hajaitwa, msimamizi aeleze kwa maandishi.

Ukigundua upungufu wa malipo, lipa tofauti hadi pale kumbukumbu zinapofika, na kwa wale waliokwisha kuondoka, watafute. Katika ile kampuni niliyoitaja, tuliwapata tisa. Wengine walikuwa wamehamia Dar es Salaam au machimboni Mererani, na pesa zao zilikaa kwenye akaunti ya pembeni kwa mwaka mzima, zikiwa na majina yao.

Baada ya hayo ndipo dodoso lijazwe. Andika ulichokikuta, ulichokirekebisha na kilichobaki, na usione haya kumwandikia mnunuzi kwamba sehemu ya kilichobaki inategemea bei yake na tarehe zake za malipo. Kama hujui pa kuanzia, chagua safari moja itakayoshuka geti la Mweka wiki hii. Nenda mwenyewe, ukiwa na daftari, na bila kumwarifu kiongozi. Ukae pale wagumu wanapotua mizigo, kabla hawajapanda basi, umuulize kila mmoja jina lake, alipanda siku ngapi, na ametarajia kulipwa kiasi gani. Kisha urudi ofisini ukasubiri karatasi ya malipo.